Mwaka wa Taa za Kasereka

Mwezi uliopita nilimwonea wivu maiti. Naandika hivyo hivyo, bila kupaka sukari, kwa sababu umri nilio nao sasa hauniruhusu tena kupoteza muda nikijifanya mtu mwema. Tulikuwa Beni, kwenye matanga ya Kyakimwa, mke wa Kasereka, aliyeondoka kwa ugonjwa uliomchosha muda mrefu. Kulikuwa na hema la buluu, viti vya plastiki vya kukodi, kina mama wa parokia wakiimba, sufuria za maharage nyuma ya nyumba. Na katikati ya hayo yote Kasereka, mvi kichwani, tumbo limeanza kumtangulia, akilia bila kufunika uso. Wanaume wa kwetu hawalii hivyo. Wanakohoa, wanatazama juu, wanatoka nje kama wanaokwenda kupokea simu. Yeye alikaa pale akalia mbele ya watu wote, machozi yakiteremka hadi kwenye kola ya shati. Nami, mwanamke mwenye mume, watoto na duka la vifaa vya umeme wa pikipiki, nilikaa kiti cha nyuma na sahani magotini nikajisemea: mimi hakuna atakayenililia namna hii. Mume wangu ni mtu mzuri sana, na naomba ukurasa huu asiusome.

Tulipomsindikiza marehemu makaburini, madereva wa pikipiki walitangulia wakiwa wamewasha taa mchana kweupe, kama ilivyo desturi yao. Jicho la fundi halina adabu hata msibani. Badala ya kusali rozari nilikuwa nakagua nyaya: huyu amefunga taa zake kwa kipande cha sachet, mfuko wa plastiki, yule ameacha waya ukisuguana na shingo ya usukani, siku moja utakwanguka na atalia. Kisha nikamwona Kasereka nyuma ya jeneza, nikakumbuka pikipiki nyingine, taa nyingine, na mwaka ule ambao hadi leo sijui kama nimeumaliza.

Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, na nilikuwa najifunza kazi katika atelier ya umeme wa pikipiki kule Bulengera, Butembo. Atelier ni neno kubwa. Kilikuwa chumba cha mbao chenye bati lililotobokatoboka, meza iliyobabuka kwa chuma cha kulehemu, na ukutani vipande virefu vya mpira wa ndani wa tairi tulivyotumia kuzungushia maungio ya waya. Asubuhi ukungu uliingia hadi ndani, tukafanya kazi na makoti, vidole vimekufa ganzi. Pikipiki za wakati ule zilikuja kutoka dukani na taa moja hafifu na honi inayolia kama kifaranga. Dereva wa barabara ya Kirumba, mwenye malori mbele na nyuma na vumbi lisilokwisha, hakuweza kuishi na honi ya kifaranga. Kwa hiyo walikuja kwetu kuongezewa taa za nguvu, honi za lori, redio, mahali pa kuchajia simu. Ukiwa na njaa ya kazi, utaunganisha vyote moja kwa moja kwenye betri, na siku hiyo hiyo vitawaka vizuri sana. Tatizo ni kesho.

Mwalimu wangu, mzee Paluku, ambaye sote tulimwita Maître, hakukubali kazi ya siku moja. Jambo lake la kwanza na la mwisho lilikuwa fusible, kile kiuzi chembamba ndani ya kichupa cha kioo, kinachokubali kukatika ili kitu kikubwa kisiungue. Alisema: "Fusible ikikatika, hapana kasirika. Imekufa pa fasi yako. Tafuta kwanza nini njo iliiua, kisha uweke ingine." Na alikuwa na utaratibu ambao sijauona kwa fundi mwingine, na ambao majirani walikuja kuutazama kama mchezo. Kazi ikiisha, alimwaga ndoo nzima ya maji juu ya pikipiki, taa zote zikiwa zimewashwa. Halafu aliyefunga nyaya alipanda kiti cha nyuma, mwenye pikipiki akaendesha, wakapita mtaa mzima, taa, honi, redio, vyote kwa pamoja. Fundi anayeogopa kukalia kazi yake, alisema Maître, aende sokoni akauze sombe.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kibanda cha Mama Kahambu, na huko ndiko tulikokula. Mchana ilikuwa fufu, ugali wetu wa muhogo, na maharage, au sombe, yale majani ya muhogo, yenye mafuta mekundu ya Beni, na siku za neema makayabu, yule samaki wa chumvi ambaye harufu yake ilikaa kwenye koti langu hadi Jumapili, nikaenda nayo misani. Kibanda kiligawanywa kwa pazia la shuka: upande mmoja madereva, upande wa pili sisi wengine. Pazia lile lilificha nyuso lakini halikuficha neno hata moja, na Mama Kahambu, ambaye alipakua huku akisikiliza pande zote mbili, alijua habari za watu kabla wenyewe hawajazijua. Ni yeye aliyeanza kunitania kuhusu Kasereka. Ningekataa, lakini mtu anakataaje na fufu imemkwama kooni kila pikipiki fulani inaponguruma nje?

Kasereka alikuwa dereva wa barabara ya Kirumba, mara nyingine hadi Kayna, akirudi na vifurushi vya leeks, vile vitunguu vya majani, na jibini. Alikuwa anaingia atelier akiwa mweupe kwa vumbi hadi kwenye kope, anakalia tairi kuukuu karibu na meza yangu na kusimulia safari. Madereva wengine waliniita "mama ya courant," yaani mama wa umeme, na kucheka. Yeye aliniita "fundi" tu. Neno dogo hilo nililala nalo, nikaamka nalo. Siku moja aliniletea jibini duara, limefungwa kwenye jani la mgomba, na nililihifadhi kwa muda mrefu kuliko jibini linavyopaswa kuhifadhiwa. Ndipo nikagundua Mama Kahambu naye aliletewa, na lake lilikuwa kubwa kuliko langu. Nilimchukia mama wa watu wiki nzima, mwanamke wa umri wa shangazi yangu, kwa sababu ya jibini. Hajawahi kuniahidi chochote, Kasereka, hilo lazima niliseme. Alikuwa mchangamfu kwa kila mtu, na mimi nikachukua sehemu yangu ya uchangamfu huo nikajengea nyumba.

Mvua za masika zilikuwa zimekwisha alipoingia na kusema: "Fundi, nataka moto yangu ionekane." Moto, kwa madereva wetu, ni pikipiki.

"Ionekane namna gani?"

"Phare mbili za mbele, za nguvu. Klaxon ya camion. Radio kidogo. Na fasi ya kuchargia téléphone."

"Byote hii ni ya kubeba leeks ya Kirumba?"

Alicheka, akakwaruza kucha kwenye meza yangu. "Hapana. Ni ya kwenda Beni."

Sikuuliza Beni kuna nini. Mchana ule nilikula taratibu sana, na kutoka upande wa pili wa pazia nikamsikia dereva mmoja akimwambia mwenzake: "Kasereka ameshapata. Binti moja wa kule Beni, anaitwa Kyakimwa. Familia yake iko na mashamba ya kakao. Banamungoja alete mbuzi ya mahari." Mwenzake akasema: "Donc yule fundi wetu atalia." Wakacheka, si kwa ubaya. Mama Kahambu aliinua mwiko, akanitazama, kisha akaniongezea kipande cha makayabu. Sijawahi kula kitu kichungu kama kipande kile cha bure.

Nilifunga nyaya za pikipiki ile kwa wivu, na nasema kwa kiburi kwamba ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya. Watu hudhani wivu unaharibu mikono. Wangu uliinyoosha. Nilijua kwamba taa ikizimika njiani, Kasereka atasimama mbele ya yule binti aseme "fundi wangu si kitu," na wazo hilo sikulivumilia. Nilitaka kila kitu kiwake ili siku moja Kyakimwa azitazame zile taa na kuuliza ni nani aliyezifunga, na jibu limkae kifuani kama lilivyonikaa mimi jina lake. Nilichagua waya mnene kwa taa na mwembamba kwa chaja. Fusible niliiweka karibu kabisa na betri, chini ya kiti, kwa sababu ukiiweka mbali, kipande cha waya kilicho kabla yake hakina mlinzi. Nikatia relais, ili umeme mwingi wa taa na honi usipite kwenye vidude vidogo vya usukani. Nikakwangua rangi ya chuma hadi king'ae kabla ya kufunga waya wa masse, ule unaorudisha umeme kupitia chuma. Kwenye shingo ya usukani niliacha nyaya zilegee, nikageuza kulia, nikageuza kushoto, nikainama kutazama kama kuna unaovutwa. Hakuna uliovutwa. Maître alikuja nyuma yangu, akatazama kwa muda, akaondoka akipiga mluzi, na kwake hiyo ilikuwa hotuba nzima ya sifa.

Kazi ilipokaribia kwisha Kasereka aliinama karibu yangu, akanionyesha kikanyagio cha abiria. "Fundi, unaweza niwekea ka-taa kadogo hapa chini? Akishuka giza, asikose fasi ya kukanyaga." Hakusema nani. Nilikuwa na bisibisi mkononi. Nimeshiba maneno mengi ya wanaume maishani, matamu na machungu, lakini hakuna lililonichoma kama lile, kwa sababu halikusemwa kunichoma. Lilisemwa na mtu aliyekuwa akiwaza miguu ya mwanamke. Mimi niliyekuwa nimechuchumaa mbele yake, miguu yangu mwenyewe ikiwa na vidonda vya asidi ya betri, nilisema: "Naweza." Nikaiweka. Ilikuwa taa nzuri ya manjano, na ilimulika pale pale panapostahili.

Halafu ikaja ndoo, na baada ya ndoo, mtaa. Nilipanda nyuma ya Kasereka kama sheria ya Maître ilivyotaka, maji yakitiririka kwenye kiti na kulowesha kitenge changu. Tulipanda kilima cha Bulengera tukiwa na taa zote, honi ya lori ikiwafukuza mbuzi barabarani, redio ikiimba wimbo wa Kinshasa ambao hakuna aliyeyaelewa maneno yake yote. Watoto walikimbia nyuma yetu. Wanawake walisimama milangoni. Mimi nilishika chuma cha nyuma, si kiuno chake, kwa sababu nilikuwa na heshima zangu. Lakini upepo ulinipigia mgongo wa koti lake usoni, na kwa urefu wa kilima kimoja nilikuwa mwanamke wa pikipiki ile. Tuliporudi, Mama Kahambu alikuwa mlangoni na mikono kiunoni. "Eh! Bibi-arusi amerudi," akasema kwa sauti ya kusikika hadi sokoni. Watu wakaangua kicheko. Kasereka naye akacheka. Mzaha ule ndio ulioniponza baadaye, maana waliocheka siku hiyo ndio waliokumbuka.

Aliondoka kwenda Beni na shati jipya na wazee wawili wa familia yake wakimfuata kwa gari. Siku ya posa ilipopita, habari zilifika Bulengera kabla yake. Nilizijua kwa namna watu wa kibanda cha Mama Kahambu walivyoinamia sahani nilipoingia. Pikipiki ya Kasereka ilikuwa imeungua. Iliungua uani kwa wakwe, mchana, mbele ya wageni na mbuzi, redio ikiwa bado inaimba. Moshi ulitoka chini ya kiti, kisha ulimi wa moto, vijana wakarusha mchanga, na walipomaliza kulibaki mifupa ya chuma. Kitu kuungua uani siku ya mahari si jambo la kufagia na kuendelea kunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Baba mkubwa wa Kyakimwa, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa familia, alisema mbuzi hawatapokelewa hadi ijulikane ni mkono wa nani. Akamuuliza Kasereka. Na Kasereka, hivi ndivyo nilivyoambiwa, alijibu: "Mi sijue. Ni Kavira njo alifanya."

Kavira ni mimi. Ndiyo mara ya kwanza nilipojua kwamba anajua jina langu.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa umeunganisha taa, kilima na "bibi-arusi," ukapata jibu: fundi alikuwa na wivu, wivu ndio uliounguza pikipiki. Kijana mmoja aliyekuwa ameacha pikipiki yake mezani kwangu alikuja kuichukua, nyaya zikiwa bado zinaning'inia nje. "Hapana kasirika, fundi," alisema bila kunitazama. "Niko na batoto." Ubaya wa uzushi ule ni kwamba nusu yake ilikuwa kweli. Wivu nilikuwa nao, tena wa kutosha kuunguza soko zima. Sikuweza kusimama barabarani na kuapa kwamba moyo wangu ulikuwa mweupe. Niliweza kuapia waya tu, na nani anaapia waya? Usiku nilifunga na kufungua pikipiki ile kichwani, kiungo kwa kiungo, nikitafuta kosa langu, na kwa sababu sikulipata niliogopa zaidi. Mwanamke anayefanya kazi ya mikono hapewi jina jipya. Likiungua la kwanza, amekwisha.

Asubuhi Maître aliniwekea funguo zangu za kazi, spana, koleo na bisibisi, kwenye mfuko wa turubai. "Utaenda Beni. Utafungua ile moto mbele yabo."

"Twende wote, Maître."

"Mi nikienda, batasema nilienda kukufunika. Mikono ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Ee basi."

Nilipanda gari la abiria pamoja na magunia ya viazi. Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, mwanajeshi alifungua mfuko wangu, akashika koleo, akaniuliza kwa Lingala kama ninakwenda kung'oa watu meno, akacheka peke yake. Barabara ya Beni inashuka, na kadiri unavyoshuka ndivyo joto linavyopanda. Ukungu wetu ulibaki nyuma, nikavua koti. Niliomba Mungu mambo mawili ambayo hayakupatana: nikute kosa si langu, na nikute Kyakimwa ni mbaya wa sura.

Hakuwa mbaya wa sura. Hakuwa malaika pia, na hilo liliniumiza zaidi, kwa maana mtu anaweza kujisalimisha kwa malaika. Alikuwa msichana wa kawaida, mfupi kuliko mimi, mikono imejaa unga wa muhogo, akisimama mlangoni mwa jiko akinitazama kama ninavyodhani nami nilimtazama. Ua ulikuwa umetandazwa turubai za kakao iliyoanikwa, na ile harufu kali ya uchachu ilichanganyika na harufu ya mpira ulioungua. Wazee walikaa kwenye viti. Baba mkubwa alivuta sigara, pakiti ikiwa juu ya goti. Kasereka alikaa pembeni kwenye benchi. Aliponisalimia alitazama mfuko wangu wa funguo.

"Binti, uko fundi kweli?" baba mkubwa akauliza.

"Ndiyo, papa."

"Na banasema ulikuwa unapenda huyu kijana."

Nilihisi masikio yangu yakichemka. "Papa, nimekuja kufungua moto. Moyo, mutaifungua siku ingine."

Mzee mmoja alikohoa kicheko. Nikapiga magoti kwenye mchanga. Niliondoa kile kilichobaki cha tangi na kuona kitu kisichokuwa changu: honi ya pili, mpya, kubwa, waya wake umebanwa kati ya tangi na chuma hadi ukachubuka, kichwa chake kimeungwa kwenye waya wangu kwa meno na sachet. Niliinua. "Hii hapana yangu."

"Hiyo niliinunua mu marché, hapa Beni," Kasereka akasema haraka. "Klaxon tu. Klaxon inaunguzaka?"

"Yenyewe, hapana. Waya yake iligusa chuma. Mais fusible ingekatika, na moto ingezima. Basi." Nilisema hivyo nikijua kwamba sasa yote yalikuwa kwenye ile fusible. Nikalegeza skrubu mbili za kiti, nikakwangua masizi nyuma ya betri, nikafungua kikombe kidogo kinachoshika fusible. Ndani hapakuwa na kioo. Palikuwa na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, imekunjwa na kusindiliwa vizuri. Kwa hiyo fusible yangu ilikatika kama ilivyofundishwa, na mtu, badala ya kutafuta nini kiliiua, aliweka karatasi isiyokufa. Kila dereva wa barabara ile anaujua ujanja huo. Niliiweka kwenye kiganja, nikazunguka nayo mzee kwa mzee. Nilieleza mara moja tu, na walielewa.

"Nani aliweka papier?" baba mkubwa akauliza.

Hakumtazama mtu, lakini wote walimtazama Kasereka. Bisibisi ya kiti ilikuwa kwake. Asubuhi ya posa, kama nilivyokuwa nimeambiwa, alikuwa ameketi peke yake na pikipiki akiiosha. Angekubali tu, wangemcheka na kumkaripia. Lakini alikuwa ameshamtaja mtu mwingine mbele ya wazee, na kijana anayemtwika mwanamke kosa lake hapewi binti. Alilijua hilo. Mimi pia nililijua, na sitaficha kwamba nilifurahi. Nilifurahi kama mtu anayeona chakula kinaletwa. Aseme, nikajisemea, wamfukuze, kisha tutaona atarudi kwa nani.

"Ni mimi njo niliweka, baba mukubwa."

Kyakimwa alikuwa ametoka jikoni, unga ukikauka kwenye vidole. "Asubuhi taa zilizima. Kasereka alikuwa anaoga. Nilisikiaka batu banasema papier ya sigara inasaidia, nikaweka. Sikutaka bageni bakute moto ya mugeni wangu haina mwangaza. Kisha nikaogopa kusema."

"Wewe? Papier uliitosha wapi?"

"Ku paquet yako, baba mukubwa."

Wazee waliangua kicheko, mmoja akapiga paja. Baba mkubwa aliitazama pakiti juu ya goti lake kana kwamba imemsaliti, akajaribu kukasirika, hakuweza vizuri. Lakini hakuwa mjinga. Alinigeukia. "Fundi. Inawezekana? Mutoto kama huyu, anaweza?"

Sasa ua wote ulinisubiri mimi. Neno langu moja lilitosha. Ningesema: kiti kinafunguliwa kwa bisibisi, na kikombe hiki kimejificha, asiyefundishwa hakijui. Kasereka alikuwa anatazama miguu yake. Kyakimwa alinitazama mimi, wala hakuniomba kitu kwa macho yake. Alikuwa amesema na amesimama juu ya alichosema. Nikaona kwamba msichana huyu, mbele ya baba zake, amejivika aibu ya mwanaume bila kuhesabu itamgharimu nini, nami nilikuja pale na mfuko wa funguo kuokoa jina langu na kumwacha azame. Sikujibu kwa wema. Nilijibu kwa sababu sikutaka anizidi mara mbili siku moja.

"Mutu yeyote mwenye kidole anaweza, papa."

"Ee basi," baba mkubwa akasema, akazima sigara. "Kyakimwa, utaomba fundi musamaha. Na mbuzi zifunguliwe, ziko na kiu."

Walinipa fufu na kuku. Kasereka alikuja kuninong'oneza "aksanti, fundi," nami nikamwambia ale kabla chakula hakijapoa. Nilipofunga mfuko wangu, Kyakimwa alinifuata hadi kwenye ile mifupa ya pikipiki. Alikuwa amenawa mikono.

"Yaya, unisamehe. Kwa ajili ya jina yako." Yaya kwetu ni dada mkubwa.

"Haukuweka wewe," nikamwambia. "Hata haujue fusible inakaa wapi."

Aligeuka kutazama kama kuna anayesikia. Wazee walikuwa wanagawana kasiksi. Kisha akachuchumaa kando yangu.

"Basi unionyeshe. Kesho bataniuliza tena."

Ningeweza kuondoka. Nilimshika mkono, nikauongoza kwenye masizi hadi kidole chake kikagusa kikombe. "Hapa. Nyuma ya betri. Vis mbili za kiti, kisha unainua."

"Nyuma ya betri," akarudia. "Vis mbili, kisha ninainua." Hakukosea. Akajifuta kidole kwenye kitenge, akasema "wasingya, yaya," yaani asante kwa Kinande, akarudi jikoni.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yake ilifika hadi makaburini, na mwanaume analia nyuma yake. Mimi nilipanda gari la Butembo jioni ile na jina langu likiwa safi, na hadi barrière ya mwisho nilimwonea wivu kwa uongo ule.